Degedege: Panya wa Maabara Wametufundisha Nini?

Ni machache yanayotisha nyumbani kama kumwona mtoto mwenye homa akikakamaa ghafla, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikarukaruka, na povu likatoka mdomoni. Hilo ndilo degedege. Akina mama wengi wamelia wakidhani mtoto amekwisha kufa. Wengine wamembeba na kukimbia, lakini si kwenda zahanati, bali kwenda kwa mtu wa kumfukiza.

Leo tutaeleza degedege ni nini, wataalamu wamegundua nini kwa kuwachunguza panya wa maabara, na jambo hilo linatuhusu vipi sisi tuishio mbali na hospitali. Shabaha ya maelezo yote ni hii moja: degedege fupi mara nyingi halimwachii mtoto madhara, lakini degedege refu linaweza kuudhuru ubongo. Kwa hiyo kila dakika ina thamani.

DEGEDEGE NI NINI?

Ubongo ndio unaotoa amri kwa mwili mzima. Amri hizo husafirishwa na chembe za mishipa ya fahamu kwa njia ya umeme mdogo sana. Siku zote chembe hizo hufanya kazi kwa zamu na kwa utaratibu. Degedege likitokea, chembe nyingi hutoa umeme kwa wakati mmoja, bila utaratibu. Hapo viungo hukakamaa na kurukaruka, na mtoto hupoteza fahamu.

Degedege la homa huwapata watoto wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5, kwa sababu ubongo wao bado unakua. Mtoto akivuka umri huo, kwa kawaida hali hiyo humwacha. Katika Ulaya na Marekani, watoto kati ya 2 na 5 katika kila 100 hupata degedege la homa. Kwa hiyo ugonjwa huu si wa Afrika peke yake, wala si wa ukoo fulani uliorogwa. Katika kila watoto watatu waliolipata mara moja, mmoja hivi hulipata tena siku nyingine.

Mwaka 1976 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya watoto 1,706 waliopata degedege la homa, ambao walifuatiliwa mpaka wakatimiza miaka 7. Waliopata kifafa walikuwa 20 tu katika kila 1,000. Basi mzazi asikate tamaa. Mtoto aliyepata degedege si lazima awe mgonjwa wa kifafa, wala si lazima awe mzito wa kujifunza shuleni.

IMANI ZINAZOTUCHELEWESHA

Jina lenyewe la degedege limetokana na neno dege, yaani ndege mkubwa. Katika sehemu nyingi za pwani na bara watu wamesema kwamba kuna shetani ajaye kwa sura ya ndege, na kwamba kivuli chake kikimpitia mtoto, mtoto hukakamaa. Watafiti waliofanya kazi katika Wilaya ya Bagamoyo, Tanzania, walieleza mwaka 1996 jinsi imani hiyo inavyowafanya wazazi waanze kwa waganga wa jadi. Mtoto hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo au hukojolewa. Tena wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa, kwa hiyo hawataki kufika zahanati kabla ya dawa za jadi kumalizika.

Hatuwacheki wazee wetu kwa hayo. Wao waliona mtoto akikakamaa ghafla na kutulia ghafla, wakatafuta sababu kwa macho waliyokuwa nayo. Pia, kwa kuwa degedege nyingi hukoma zenyewe baada ya dakika chache, mtoto hutulia akiwa bado anafukizwa, na moshi ukapata sifa isiyo yake. Lakini kama degedege hilo limetokana na malaria kali, mtoto aliyetulia bado ana malaria mwilini. Saa zinazopotea kwa mganga ndizo zinazoua. Sindano nayo husingiziwa kwa sababu hudungwa mtoto aliyekwisha kuchelewa.

KWA NINI PANYA?

Huenda msomaji akauliza: panya ana uhusiano gani na mtoto wangu? Ni kweli panya si mtu. Lakini chembe za ubongo wake hufanya kazi kwa njia inayofanana sana na zetu. Ubongo wa panya hukua upesi, na mtaalamu anaweza kumfuatilia tangu utotoni hadi utu uzima katika miezi michache. Kwa mwanadamu ingechukua miaka mingi. Zaidi ya hayo, hakuna mtu mwenye utu awezaye kumtia mtoto joto makusudi ili aone degedege litakavyomdhuru.

Katika miaka ya 1990, Profesa Tallie Baram na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, huko Irvine nchini Marekani, walitengeneza njia ya kuchunguza jambo hili, wakaitangaza mwaka 1997. Walichukua watoto wa panya wenye umri wa siku 10 au 11, maana umri huo walihesabu kuwa unalingana na wa mtoto mchanga wa binadamu kwa ukuaji wa ubongo. Waliwapulizia hewa ya moto, mfano wa ile ya kukaushia nywele, mpaka joto la mwili likakaribia nyuzi 41 za Selsiasi. Karibu wote walipata degedege. Hakukuwa na ndege, shetani wala kivuli ndani ya maabara. Kulikuwa na joto na ubongo mchanga, basi.

JIKO LILILOMO NDANI YA CHEMBE

Sasa tuangalie madhara hutokeaje. Kila chembe ya mwili ina majiko madogo sana yaitwayo mitokondria. Humo sukari itokayo katika chakula huunguzwa kwa oksijeni, yaani ile hewa safi tunayovuta, ili kupata nguvu. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa sehemu kama 2 tu katika 100 za mwili, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote.

Kila mama anajua kwamba jiko likiwaka hurusha cheche. Majiko ya chembe nayo ni hivyo hivyo. Sehemu ndogo ya oksijeni haiungui sawasawa, bali hugeuka kuwa kama cheche kali zinazoshambulia chochote kilicho karibu. Hushambulia mafuta ya ngozi ya chembe na hata mitokondria yenyewe. Ukitaka kuona kazi ya oksijeni, tazama jembe lililoachwa shambani likashika kutu. Mwili unao walinzi wake wa kuzima cheche hizo. Mtu akiwa mzima, cheche na walinzi hulingana. Cheche zikizidi walinzi, chembe huanza kudhurika.

Wakati wa degedege chembe za ubongo hufanya kazi kupita kiasi, na majiko huwaka kwa nguvu zote. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani, akiwamo Dk. Manisha Patel, waliwapa panya wakubwa kemikali inayoleta degedege kali. Walikuta cheche zimeongezeka ndani ya mitokondria, kabla chembe hazijaanza kufa. Kisha walitumia panya wadogo waliozaliwa na mlinzi mmoja kwa wingi kuliko kawaida. Hao walipoteza chembe chache zaidi. Hapo ilidhihirika kwamba cheche si alama tu ya madhara, bali ni sehemu ya kisababishi chake.

NGAO YA UTOTONI

Lakini kuna jambo moja lililowashangaza wataalamu. Watoto wa panya wanaonyonya walipata degedege, na chembe zao za ubongo hazikufa kama za panya wazima. Kwa nini?

Jibu lilitolewa mwaka 2003 na watafiti, akiwamo Profesa Baram. Waligundua kwamba majiko ya ubongo wa panya mchanga yana protini inayofanya kazi kama tundu la kupunguza mvuke kwenye sufuria. Nguvu ikizidi, hupunguzwa, na cheche hazirushwi kwa wingi. Protini hiyo huongezeka kwa sababu ya mafuta yaliyomo katika maziwa ya mama panya. Watafiti walipowapa watoto wengine chakula chenye mafuta kidogo badala ya maziwa hayo, protini ilipungua, na degedege likaua chembe zao za ubongo.

Hii ni habari nzuri, lakini tuielewe kwa kiasi chake. Haisemi kwamba mtoto anyonyaye hawezi kupata degedege. Wale panya walikuwa wananyonya na walilipata. Inasema kwamba ubongo mchanga una ngao yake. Ndiyo maana, pengine, watoto wetu wengi huinuka baada ya degedege fupi wakaendelea kucheza kama kawaida. Kunyonyesha tunakuhimiza kwa sababu nyingine zilizokwisha kuthibitishwa kwa binadamu: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, kisha pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi.

NGAO INA MWISHO WAKE

Mwaka 2006 maabara ile ile ya Irvine ilitoa taarifa nyingine. Watoto wa panya waliopata degedege la joto kwa muda wa dakika kama 24 walifuatiliwa hadi utu uzima. Katika kila 100, kama 35 walipata kifafa. Panya wengine walitiwa joto lile lile, lakini walipewa dawa ya kuzuia degedege. Hao hawakupata kifafa. Kwa hiyo kilicholeta kifafa si joto lenyewe, bali ni degedege lililodumu. Mwaka 2010 walieleza habari za panya ambao degedege lao lilidumu zaidi ya saa nzima. Hao waliopata kifafa walikuwa kama 45 katika kila 100.

Je, kwa watoto wa binadamu ikoje? Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walipiga picha za ubongo za watoto 191 ambao degedege lao la homa lilidumu nusu saa au zaidi. Watoto 22 walionekana kuwa na alama za kudhurika katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Katika watoto 96 waliopata degedege fupi, hakuna hata mmoja aliyeonekana na alama hizo.

Ndugu msomaji, hapo ndipo panya na mtoto wanapokutana. Hatari kubwa imo katika muda.

HABARI YA PUMZI NA MOSHI

Mwaka 2006 pia, watafiti wa Finland na Ujerumani waligundua jambo jingine. Watoto wa panya waliotiwa joto walihema haraka mno, wakatoa nje hewa ya kaboni dioksidi kupita kiasi. Damu na ubongo vikapungukiwa asidi yake ya kawaida, na degedege likaja. Walipovutishwa hewa yenye sehemu 5 katika 100 za kaboni dioksidi, degedege lilikoma kwa sekunde kama 20.

Mtu asije akasema kwamba wazungu wamethibitisha kazi ya kufukiza. Hewa ile ilipimwa kwa mashine, na ilikuwa na oksijeni ya kutosha. Moshi wa samadi, nywele au majani haupimwi. Una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni. Kumfukiza mtoto mwenye degedege ni kumnyima kile ambacho ubongo wake unakihitaji zaidi kwa saa hiyo. Vile vile kumfunika pua na mdomo ni kumuua.

Tena, mtu asikimbilie dukani kununua vitamini akidhani zitazima cheche. Matokeo ya panya bado hayajaleta dawa ya namna hiyo kwa watoto wenye degedege. Hata parasetamoli, ambayo tunaitumia kumpunguzia mtoto maumivu na joto, haijathibitika kuzuia degedege lisije katika homa nyingine. Mpe kwa kipimo ulichoelekezwa ili apate nafuu, lakini usimeze naye matumaini ukakaa nyumbani.

MALARIA NI JAMBO JINGINE

Takwimu za Ulaya na Marekani tulizozitaja zinahusu nchi ambazo hazina malaria. Kwetu hali ni kali zaidi. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walieleza mwaka 1996 kwamba degedege nyingi za watoto wenye malaria huwa ndefu, au hurudia, au hushika upande mmoja wa mwili. Tena mara nyingi zilitokea wakati mwili haukuwa na joto kali. Maana yake ni kwamba malaria huuvuruga ubongo kwa njia nyingine pia, si kwa joto peke yake. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Mwili umepoa, hakuna haja ya kwenda." Aidha, malaria kali huweza kushusha sukari ya damu, na jiko lisilo na kuni haliwezi kuupa ubongo nguvu. Homa ya uti wa mgongo nayo huanza kwa homa na degedege.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mlaze mtoto kwa ubavu, mahali tambarare, mbali na moto na vitu vikali. Akilala ubavu, mate na matapishi hutoka nje badala ya kumziba pumzi.

2. Legeza nguo zake, na uwaombe watu waache kumzunguka ili apate hewa.

3. Tazama saa. Degedege likizidi dakika 5 linahitaji dawa ya kulikomesha, na dawa hiyo ipo kwa wataalamu. Huweza kutolewa hata kwa njia ya haja kubwa, bila sindano. Kama huna saa, usipoteze muda kukadiria. Anza safari.

4. Hata degedege likikoma upesi, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, usiku ama mchana. Atapimwa malaria kwa tone la damu, na majibu hupatikana kwa muda mfupi. Akionekana na malaria kali ataanzishiwa dawa na kupewa rufani. Usikatae rufani hiyo.

5. Akizinduka kabisa na kuweza kumeza, mnyonyeshe njiani. Aliyeachishwa ziwa apewe maji ya sukari kidogo kidogo: vijiko 4 vidogo vya sukari, visivyojaa kilima, katika kikombe cha maji safi cha mililita 200.

6. Mweleze mtabibu degedege lilianza lini, lilidumu muda gani, lilishika mwili mzima au upande mmoja, na dawa gani amekwisha kupewa, hata kama ni za kienyeji. Usifiche kwa kuona haya. Habari hizo zinamsaidia kuchagua dawa.

MAMBO YASIYOFAA

Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Mtoto hawezi kuumeza ulimi wake, bali kijiko huvunja meno na kuziba koo. Usimnyweshe kitu chochote wakati hana fahamu. Usimshikilie kwa nguvu. Usimtumbukize katika maji baridi. Usimfukize, usimchanje, usimchome moto, wala usimkojolee. Mtoto asiyezinduka baada ya degedege kukoma, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au mwenye shingo ngumu, yumo hatarini. Safari yake haingoji asubuhi.

TUJIANDAE KABLA

Degedege halipigi hodi. Kwa hiyo kila kijiji kijiandae mapema. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na apate chanjo zote za kliniki, kwa kuwa surua na baadhi ya homa za uti wa mgongo huzuiwa kwa chanjo. Mtoto akipata homa, apimwe mapema kabla degedege halijafika. Wanakijiji waelewane nani mwenye baiskeli, pikipiki au gari atakayeitwa usiku, na nauli itatoka wapi. Baba naye asiseme kwamba mtoto mgonjwa ni kazi ya mama. Katika nyumba nyingi mama hungoja ruhusa ya baba au ya bibi ndipo aondoke. Itoeni ruhusa hiyo leo, mtoto akiwa mzima, ili siku ya hatari mama asimngoje mtu.

Waganga wa jadi nao tunawaomba ushirikiano. Wanaaminiwa na watu, na neno lao lina uzito. Mganga akimwambia mama, "Nenda zahanati kwanza," amemwokoa mtoto kwa maneno matatu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu watu husema degedege hutokana na nini? Mtoto akilipata, hupelekwa wapi kwanza?

2. Kwa nini tunasema moshi husifiwa kwa kazi ambayo haukuifanya?

3. Panya waliotiwa joto bila kupata degedege hawakupata kifafa. Jambo hilo linatufundisha nini juu ya kukawia nyumbani?

4. Kutoka nyumbani kwako mpaka zahanati ni mwendo wa dakika ngapi usiku? Tufanye nini ili tuupunguze?